Sura ya Mtoto Chini ya Miti ya Isecheno

Ukitoka mjini Kakamega kwa matatu hadi Shinyalu, kisha ukaendelea kwa bodaboda, utafika Isecheno, katika sehemu ya kusini ya Msitu wa Kakamega. Wengi huja hapa kuona kima na ndege. Leo, msomaji mpenzi, hebu mtazame mtoto.

Msimamishe asubuhi chini ya mutere mkubwa. Jua hupenya majani na kumwangukia kwa madoadoa. Shavu moja ni dhahabu, la pili lina ukijani wa majani, na shati jeupe lina alama za samawati. Hata kivuli chake si cheusi. Majani yakitikiswa na upepo, sura yote hubadilika.

Sura za namna hii ndizo zilizowatoa nje wachoraji wa Ufaransa walioitwa Waimpreshonisti. Walisaidiwa na rangi zilizotiwa katika mirija ya bati laini, uvumbuzi wa Mmarekani John Goffe Rand mwaka wa 1841. Mnamo 1876 Auguste Renoir alichora "Bembea" katika bustani jijini Paris. Humo msichana mdogo amesimama kando ya mti, na madoa ya mwanga yametapakaa ardhini na kwenye nguo za watu. Mwaka huo huo mhakiki Albert Wolff aliikejeli picha yake nyingine, akidai kuwa mwili wenye madoa ya kijani na zambarau ulifanana na maiti inayooza. Leo picha zote mbili zimehifadhiwa katika makavazi ya Orsay, Paris.

Wolff angalikaa Isecheno asubuhi moja tu, angaliona kwamba Renoir hakutia chumvi.

Mchoraji atakayejaribu hapa aharakishe, kwa kuwa mara nyingi mvua hunyesha alasiri. Kisha ampeleke mtoto huyo huyo kwenye majani chai yaliyo ukingoni mwa msitu. Huko jua la adhuhuri humpiga utosini, macho hufumba, na uso huwa na rangi moja. Mwanga ule wa madoadoa hutengenezwa na miti. Kila mutere unaokatwa kwa ajili ya mbao au makaa huondoka nao. Basi mzazi, ukija na wanao, wasimamishe chini ya mti kwanza, uwatazame vyema kabla hujatoa kamera.