Maradhi Niliyoyaficha

Kompyuta ya nyumbani kwetu ilikaa sebuleni, juu ya meza ya cherehani ya marehemu mama, nayo ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama zilivyokuwa zikifunikwa redio za zamani. Ilikuwa chombo cha mtaa mzima. Watoto wa skuli walikuja kuchapa kazi zao, jirani akaja kuandika barua ya kuomba ajira, na usiku, nyumba inapotulia, mimi nilikuwa nikiyanakili mashairi ya Maalim wangu kutoka katika madaftari yake yaliyokwisha kuliwa na mchwa pembezoni.

Maalim naye alikuwa na kompyuta yake huko Kikwajuni, aliyonunuliwa na mwanawe aliyeko Muscat. Macho yalikuwa yamemtupa mkono, lakini aligundua kwamba kwenye kioo kile herufi hukuzwa mpaka zikawa sawa na vidole, na hivyo akarudi kuandika. Tungo zake mpya alizichapa mwenyewe kwa kidole kimoja, na hakuzitoa kwa mtu. Alikuwa akisema kwamba shairi bichi halitoki jikoni. Kilichosafiri baina ya nyumba zetu mbili ni flashi moja tu, niliyokuwa nikiitia katika mfuko wa shati, imebeba yale ya zamani ili ayasikilize na kuyasahihisha.

Jioni moja ya mwaka 2012 niliichomeka flashi hiyo nikaona folda zangu zote zimegeuka vijipicha vyenye kishale pembeni. Nilipobonyeza kimoja, folda ilifunguka kama kawaida, nami sikushuku kitu. Siku ya pili kompyuta ikawa nzito kama mtu mwenye homa, na siku ya tatu folda ya mashairi haikuonekana tena.

Nimekuja kuelewa baadaye namna hila ile inavyofanya kazi. Windows za zamani zilikuwa na tabia ya kuendesha zenyewe programu iliyomo ndani ya flashi mara inapochomekwa, na huo ndio uliokuwa mlango mkubwa wa virusi. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuufunga mlango huo katika Windows XP na Vista. Mwizi aliyefungiwa mlango akajifunza kubisha hodi. Kirusi kinazificha folda za kweli, kisha mahali pa kila moja kinaweka njia ya mkato yenye jina lile lile. Mwenye nyumba anapoibonyeza, kwanza anakikaribisha kirusi, halafu ndipo anafunguliwa folda yake, asihisi chochote. Mkono unaoleta maradhi ni mkono wake mwenyewe.

Nilikwenda katika duka moja la Darajani. Kijana aliyekuwapo hakuitazama mara mbili. "Tuifomati tu, kaka. Itakuwa mpya kama siku ulipoinunua." Nikamwuliza, na mashairi? "Yataondoka." Nikaibeba kompyuta yangu nikarudi nayo nyumbani.

Rafiki yangu mmoja kazini alinichomea programu ya kuua virusi katika sidi, kwa sababu sidi ya aina ile ikishachomwa na kufungwa haiandikiki tena, na maradhi hayawezi kuipanda. Ijumaa usiku niliiwasha kompyuta huku nikibonyeza F8, ili iamke na vile vitu vya lazima tu, kirusi kisipate kuamka pamoja nayo. Niliifuta programu ngeni iliyokuwa imejiandikisha kuanza kila kompyuta inapowashwa, nikaiacha sidi ifanye kazi yake mpaka karibu na alfajiri. Kisha nikaandika amri ya attrib, yenye herufi h, r na s, kila moja ikitanguliwa na alama ya kutoa. Herufi ya kwanza ni ya kilichofichwa, ya pili ni ya kisichoruhusiwa kubadilishwa, ya tatu ni ya kilicho mali ya mfumo. Na alama ya kutoa inalivua faili mavazi hayo yote. Folda zikatokea moja baada ya moja. Hazikuwa zimepotea. Zilikuwa pale pale siku zote, zimefunikwa.

Nilikuwa bado natabasamu nilipokumbuka kwamba flashi ile nilikuwa nayo Kikwajuni siku chache zilizopita.

Ilinipasa niondoke asubuhi ile ile, nami sikuondoka. Mtaani nilikuwa nikiitwa mtaalamu, na mtaalamu gani anayembebea mzee wake uchafu mfukoni? Nilijiambia huenda kwake pamesalimika. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Nilipobisha hodi hatimaye, ilikuwa Jumatano.

"Mwanangu," Maalim aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "mashine ilinificha maneno yangu, mjukuu akaipeleka dukani Jumatatu. Imerudi inakwenda mbio, lakini ndani hamna kitu."

Kufomati peke yake aghlabu hakuteketezi kila kitu, kwani mara nyingi kinachofutwa ni mfano wa fahirisi ya kitabu, na kurasa hubaki mpaka ziandikwe jambo jingine juu yake. Lakini duka lilikuwa limeweka Windows mpya, na mjukuu, kwa furaha yake, alikuwa ameijaza filamu na nyimbo. Nilijaribu kuokoa kwa siku mbili. Nilipata vipande visivyosomeka.

Nikamweleza yote. Akauliza jambo moja tu: "Ulijua lini?"

"Ijumaa, Maalim."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, kama anavyohesabu mizani. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Hakusema neno. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini methali haikunionya kwamba kifo chenyewe chaweza kwenda nyumba ya pili.

Kirusi cha kwanza kilichoenea duniani katika kompyuta za aina ya PC, Brain cha mwaka 1986, kilitungwa Lahore na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi. Ndani yake waliandika majina yao, anwani na nambari ya simu, ili aliyepatwa awatafute. Nimelifikiria sana jambo hilo. Hata watungaji wa maradhi waliacha anwani, nami mchukuzi wake, niliyejulikana kwa jina na kwa mlango, nilinyamaza.

Tangu hapo, kila ninapoisafisha kompyuta, kazi ya mwanzo ni kuandika katika karatasi majina ya wote waliopokea kitu kutoka kwangu, na kuwapigia simu kabla sijagusa kibonyezo. Kompyuta hupona kwa saa chache. Aliyeambukizwa na mkono wako hawezi kusubiri mpaka aibu yako ipoe.

Tungo zilikuwa 63. Kwa miezi saba nilikwenda Kikwajuni kila baada ya sala ya alasiri, Maalim akakumbuka kwa sauti, nami nikaandika kwa kalamu katika daftari kubwa. Zilirudi 41. Kwa zile 22 zilizobaki aliniamuru niache ukurasa mmoja mmoja, niandike nambari tu juu yake. Daftari hilo liko kwangu, na kurasa hizo zingali tupu.