Samadi Mbichi Huchoma



Mvua ndefu ilipoanza mwezi wa Machi, nililima kijisehemu nyuma ya nyumba, hapa Mutuini. Nilitaka mboga zisizo na dawa wala mbolea ya dukani. Jirani anayefuga ng'ombe akanipa wilbaro nne za samadi. Siku hiyo hiyo niliijaza kwenye mashimo, nikapanda miche ya sukuma wiki. Udongo wetu mwekundu ni mzuri, mvua ipo, samadi ipo. Nikaona kazi imekwisha.

Wiki moja baadaye majani yalikuwa manjano, kingo zimekauka kama zilizoguswa na moto. Nilidhani ni wadudu. Shosho mmoja jirani yetu akapita, akaangalia, akacheka. "Pasta, umeunguza mboga. Samadi yako bado mbichi."

Akanifundisha. Irundike pamoja na majani makavu, uifunike mvua isiioshe, uigeuze kila baada ya wiki mbili. Chomeka kijiti katikati. Ukikichomoa kikiwa na moto, ngoja. Baada ya miezi mitatu hivi itapoa, itavunjika mkononi na kunukia kama udongo. Hapo uipe miche, ukiichanganya vizuri na udongo.

Mpendwa, samadi ile haikuwa mbaya. Ilikuwa chakula cha mimea, ila bado ilikuwa moto.

Nikigeuza lile rundo, Roho Mtakatifu alinikumbusha kijana mmoja wa kanisani. Mwaka jana nilimkemea mbele ya wenzake kwa kuchelewa kwenye huduma. Nilichosema kilikuwa kweli. Lakini nilikisema nikiwa na hasira, papo hapo, watu wakisikia. Hajakanyaga kanisani tena. Nami miezi yote hiyo nilisema, "Amekataa maonyo."

Soma Luka 13:6-9. Mwenye shamba anataka mtini ukatwe. Mtunzaji anaomba apewe mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutilia samadi. Nimehubiri hapo mara nyingi, nikikazia kukatwa. Sikuwahi kuona kwamba mwenye samadi aliomba muda kwanza.

Alhamisi nilikwenda kwake. Nilimwomba msamaha, bila "lakini". Tukanywa chai. Hakuahidi kurudi, nami sikumlazimisha.

Je, una neno la kweli kwa mtoto wako, mume wako, mke wako, dada wa kazi? Usilitupe. Chomeka kijiti kwanza. Likiwa bado moto, lifunike kwa maombi, ungoje. Na kama ulishalimwaga likiwa bichi, chukua simu leo, omba msamaha.

Miche mipya nitapanda Oktoba, mvua fupi zikianza. Rundo linaendelea kupoa.

Tuombe: Bwana, poza maneno yetu kabla hayajafika kwa watu wako. Amina.

Ubarikiwe.
Pasta wako