Kabla ya kurudi nyuma, zunguka gari
Jioni moja hapa Tabora, nikitoa gari uani kinyumenyume, mke wangu alipiga kelele: "Baba Neema, simama!" Neema, miaka 3, alikuwa nyuma ya gari gizani akiokota embe. Balbu ya rivasi ilikuwa imeungua, nami sikujua.

Kesho yake fundi alifunga LED: nyeupe kwa rivasi, nyekundu kwa breki. LED huwaka takriban sekunde 0.2 mapema kuliko balbu ya kawaida. Ukiwa kilomita 80 kwa saa barabara ya Urambo, ilikopita misafara ya Ujiji, anayekufuata anapata mita 4 zaidi za kusimama.

Lakini taa haimwoni mtoto. Siku hizi nazunguka gari kwanza, ndipo nawasha.