Bidhaa Hii Imetoka Wapi?

Jioni, kazi za shamba zikiisha, mkulima wa chai wa pande za Litein au Mogogosiek huketi na jamaa zake kunywa chai. Maziwa ni ya ng'ombe wake mwenyewe. Majani aliyoyachuma asubuhi ameyapeleka kituoni, naye hununua tena pakiti dukani. Sukari pia ni ya dukani. Habari za vitu hivi viwili huzijua kwa kusoma maandishi yaliyo juu yake tu, na karatasi hupokea kila neno liandikwalo, la kweli na la uongo.

Swali la asili ya bidhaa si jipya. Katika karne ya 19 visu vya mji wa Sheffield, Uingereza, vilisifiwa duniani kote. Wengine wakaitamani sifa ile wasiyoitolea jasho. Visu vilivyofuliwa Solingen, Ujerumani, vikapigwa chapa ya Sheffield na kuuzwa kwa bei rahisi. Mafundi wakalalamika, hata mwaka 1887 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuzuia chapa za kudanganya. Tangu hapo bidhaa nyingi za Ujerumani zikaandikwa jina la nchi yake. Maandishi yale yalikuwa ya kumtahadharisha mnunuzi. Lakini Wajerumani walizidi kutengeneza vizuri, hata yakageuka kuwa sifa yao. Hapo yaonekana kwamba jina la kweli halimdhuru fundi mwema.

Katika Afrika ya Mashariki, Umoja wa Forodha wa Kenya, Uganda na Tanzania ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa yenye asili ndani ya Jumuiya hupita mipakani bila ushuru wa forodha. Ya kigeni hulipiwa. Ushuru wa kawaida wa sukari ya kigeni ulipangwa kuwa mkubwa sana, asilimia 100 ya thamani yake. Basi palipo faida kubwa hivyo, tamaa haikosi. Mfanyabiashara asiye mwaminifu aweza kununua sukari ya mbali, akaimimina katika mifuko mipya, akaiita ya jirani.

Ofisa wa forodha hawezi kuonja sukari akaijua kwao. Hudai cheti cha uasili wa bidhaa. Naye akishuku, huiuliza nchi iliyokitoa. Kisha vitabu vya kiwanda hukaguliwa: miwa kiasi gani ilipokewa, mashine zaweza kusaga kiasi gani kwa siku, na mali ghafi ilinunuliwa wapi. Kiwanda kilichouza tani nyingi kuliko miwa yake iwezavyo kutoa hushtakiwa na hesabu yake chenyewe. Njia ya mwongo ni fupi.

Lakini si kila shauri ni la wizi. Mwaka 2018 Tanzania ilitoza peremende na chokoleti za Kenya ushuru wa asilimia 25, ikidai kwamba zilitiwa sukari ya kigeni iliyoingizwa bila ushuru. Kenya ilikana, na maofisa wa nchi zote wakaenda kukagua viwanda pamoja. Shauri kama hilo ni gumu, maana kitu chenye mali ya nchi mbili ni cha nani? Kanuni za Jumuiya hujibu kwamba mmea uliovunwa nchini ni wa nchi hiyo. Na mali ya kigeni haina budi igeuzwe kwa kazi ya kweli. Kubadili mfuko au kuchanganya tu hakutoshi.

Jambo hili lamhusu sana mkulima wa Kericho na Bomet. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamia Mombasa mwaka 1969, na huko huuzwa chai za nchi nyingi za Afrika. Wanunuzi wa ng'ambo huzichanganya, na mara nyingi chai kali ya Kenya hutiwa kuipa nguvu chai ya wengine, isitajwe jina juu ya pakiti. Sifa ya mkulima hunufaisha jina la mtu mwingine. Na chai hafifu ikiitwa ya Kenya, hasara ni ile ile, maana mnywaji aliyechukizwa mara moja hauliza tena jina hilo, na bei ikishuka mnadani, bonasi ya mkulima nayo hupungua.

Hata hivyo uaminifu hauanzii bandarini. Mkulima afichaye majani makuukuu chini ya kikapu, na machipukizi mazuri juu, afanya kazi ile ile ya yule aliyepiga kisu chapa ya Sheffield. Ofisa wa forodha aweza kushuhudia chai ilikotoka, lakini hakuna cheti kiwezacho kuifanya njema. Wema wake hutiwa shambani, na mkono wa mchumaji ndio mhuri wa kwanza.