Ngumbaru wa Birmingham

Mdogo wangu wa mwisho anaoa. Jambo la heri, na mchango wangu nimeshatuma. Kilichonikera ni barua ya posa. Alinirushia picha yake WhatsApp akitarajia nipige vigelegele: karatasi ngumu ya rangi ya waridi, maua kwenye pembe zote nne, njiwa wawili juu, na maneno yamechapwa kwa zile herufi za kompyuta zenye mikia mirefu, hata hujui unasoma "kuomba" au "kuamba". Katikati, panapotakiwa jina la baba mkwe, kuna vinukta. Vinukta! Kumbe steshenari moja huko mjini Mpanda ina posa iliyohifadhiwa tayari kwenye kompyuta. Kila anayetaka kuoa anatolewa ileile, kisha mshenga anachukua peni ya bluu na kujaza jina la mzee wa watu kama anayejaza fomu ya kitambulisho cha NIDA.

Nilimpigia. "Dada, siku hizi nani anaandika kwa mkono?" Nikamjibu, mimi. Nikamweleza kwamba huku Birmingham nalipa ada nifundishwe kuandika vizuri. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Basi niwaeleze na nyie mcheke kabisa tumalizane.

Kila Jumanne jioni nikitoka kazini napita kwenye ukumbi mmoja nyuma ya kanisa. Humo tunakuta meza zimepangwa, na juu ya kila meza kuna ubao ulioinamishwa, karatasi, kidau cha wino na mpini wenye nibu pana iliyokatwa bapa. Wanafunzi wenyewe ni mzee aliyestaafu benki, kijana wa mambo ya kompyuta mwenye michoro mwili mzima, mabibi wawili marafiki ambao hawaachani hata kwenye chai, na mimi wa kijijini Majimoto. Nibu haichovywi ovyo. Unachukua wino kwa brashi ndogo, unaupaka kwenye nibu, unajaribu kwanza pembeni. Kisha unaiweka nibu kwenye mlalo wa nyuzi 30, na hapo unakatazwa kuizungusha. Mkono ushuke, upande, upinde, lakini mlalo ubaki uleule. Ukifanya hivyo, herufi inajitengenezea yenyewe sehemu nene na sehemu nyembamba bila wewe kuipaka chochote.

Kimo cha herufi nacho kinapimwa kwa nibu yenyewe: unapiga vijiraba vinne vya wino, kimoja juu ya kingine, hapo ndipo unapopata urefu wa mstari wako. Halafu unaanza. Huanzi na jina lako wala methali. Unaanza na o. Jioni nzima, o.

Siku ya kwanza nilijizuia kucheka. Watu wazima wenye mvi na digrii zao, wamelipa pauni zao, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, wanahangaika na o. Nikajisemea moyoni: ngumbaru! Nimevuka bahari yote hii kuja kusoma ngumbaru.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa ngumbaru halisi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wimbi lile lilipofika kwetu bibi naye akajibeba na kigoda chake mpaka chini ya mwembe. Alitaka kitu kimoja tu: asiweke tena dole gumba mbele ya karani wa mazao. Alikipata. Mpaka anafariki alikuwa akiandika jina lake lote, matatu yote, hata pale palipohitajika sahihi fupi, na karani asubiri. Lakini hakuna mtu aliyewahi kumwambia bibi kwamba o yake ni nzuri. Alipofikia kusomeka, darasa likawa limekwisha.

Huku darasa linaanzia hapo lilipoishia la bibi. Mwalimu wetu, mama mstaafu mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, anapita meza hadi meza. Anainama juu ya karatasi yenye o hamsini, ananyamaza, anaweka kidole kwenye moja. "Hii imekaa," anasema, na anaondoka. Jamani, nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa kilichonichanganya ni mwisho wa kipindi. Wenzangu wanakunja kazi zao na kuzitia kwenye pipa la karatasi. Zote! Nilimuuliza mwalimu, hizi tunamwandikia nani? Akanitazama kama hajanielewa. Hatumwandikii mtu. Tunaandika.

Kwetu hilo lingekuwa kichaa. Kwetu mwandiko mzuri ni mali ya umma. Mungu akikujalia mkono, umekwisha. Nilipokuwa shule ya msingi mwalimu aligundua kwamba naandika herufi zinazolingana, na tangu siku hiyo sikupumzika. Daftari la mahudhurio ni mimi. Ratiba ya ukutani ni mimi. Majirani wakitaka kuwaandikia vijana wao walioenda migodini, wanatuma mtoto aniite, na ninaandika salamu za watu wote wa ukoo, kuku na mbuzi nusura waingie. Msiba ukitokea, wenzangu wanakaa na wafiwa, mimi nakalishwa kwenye meza na daftari la rambirambi: fulani elfu moja, fulani debe la mahindi, fulani atatoa kesho. Baba mdogo ndiye aliyenitangulia katika cheo hicho, naye aliandika mpaka misalaba ya makaburini, kwa rangi nyeusi na brashi aliyoitengeneza mwenyewe. Vikao vyote vya kijiji yeye ndiye katibu, kwa sababu ya mkono tu, maana kusema kweli vikaoni alikuwa akisinzia.

Yaani utoto wangu wote sikumbuki kuandika kitu kwa sababu kinapendeza. Na hapo ndipo Waingereza wamenishinda, nakiri. Wao wamekubali kwamba mtu mzima anaweza kukaa akafanya kitu vizuri bila mtu kumhitaji.

Lakini wasijisifu sana, maana hata wao waliusahau mwandiko huu wakaufufua. Aliyeufufua ni Edward Johnston, mtu aliyezaliwa Uruguay mwaka 1872, akaacha kusomea udaktari kwa sababu ya afya, kisha akajifungia na miswada ya kale kwenye makumbusho ya London akitafuta waandishi wale walishikaje kalamu. Mwaka 1899 akaanza kufundisha watu wazima, jioni jioni, na mwaka 1906 akatoa kitabu ambacho walimu bado wanakitegemea. Mwandiko tunaoanza nao darasani aliutoa kwenye kitabu cha zaburi kilichoandikwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 10. Mtu huyohuyo ndiye aliyebuni herufi za treni za chini ya ardhi za London, zilizotoka 1916. Mamilioni ya watu wanaosoma jina la kituo kila asubuhi wanasoma mkono wa mtu aliyekaa na o.

Na Birmingham hii ninayoilalamikia mvua ndiyo ilikuwa mji wa nibu duniani. Karne ya 19 viwanda vyake vilijaa wanawake, kila mmoja na mashine yake ya mkono, wakigonga vipande vya chuma kuwa nibu siku nzima. Kuna makumbusho ya kalamu Frederick Street, kwenye mtaa wa masonara, na ukienda wanakuacha ugonge nibu yako mwenyewe. Nilipogonga yangu nilimkumbuka babu, mkatekista aliyefundishwa na Mapadri Weupe wa upande wa Karema. Babu alikuwa na mpini wa mti na nibu aliyoifuta kwa kitambaa kila akimaliza mstari. Sisi watoto tulikuwa tukiruhusiwa kugusa Biblia, nibu hapana.

Wino wa mji huu hauishii hapo. Chuo Kikuu cha Birmingham kinatunza majani mawili ya Kurani yaliyoandikwa kwenye ngozi, ambayo ngozi yake ilipimwa ikaonekana ni ya kati ya mwaka 568 na 645. Walipotangaza 2015, dunia nzima ilishangaa. Mimi nikawaza Siyu. Ndiyo, Siyu ya kisiwa cha Pate, kule Lamu, ambako karne ya 18 na ya 19 watu walikaa wakanakili misahafu na kuipamba kwa wino wa rangi. Tena mpaka leo ukienda Pwani mwalimu wa chuo cha Kurani anaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani, mwandiko mzuri kabisa, halafu unaoshwa na mgonjwa anaunywa. Sasa niambieni, nani alitangulia kuandika vizuri kisha asibakishe karatasi, wale wenzangu wa pipa au sisi?

Hoja hiyo niiache, maana nimeianza na mama akaiharibu. Nilimpigia nikamweleza yote: o, zaburi, nibu, Siyu. Akanisikiliza kwa subira ya mzazi. Kisha akasema: "Mwanangu, posa ni ng'ombe. Herufi hazinyweshi." Nikamkumbusha posa yake mwenyewe, aliyoandikiwa na baba mdogo, ambayo imo mpaka leo kwenye sanduku lake la bati, imefungwa kwa leso. Kimya. Kisha: "Hiyo ni tofauti." Tofauti gani, mama? "Hiyo ni yangu."

Ehee! Hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha. Posa ya vinukta haiwezi kuwa ya mtu. Huyo binti wa Usevya anayeolewa na mdogo wangu atafungua sanduku lake miaka thelathini ijayo aonyeshe nini, njiwa wa steshenari? Na msiniambie habari za kwenda na wakati. Wakati wenyewe umeenda mpaka kwenye ukumbi nyuma ya kanisa na sasa unalipisha.

Kilichonimaliza kabisa ni kalamu za tete. Mwalimu alikuja na fungu la kutuuzia, zimefungwa kamba ya katani, kila moja kwenye mfuko wake. Bei ya moja, pale nyumbani ingenunua mchele wa familia kula siku kadhaa. Nikaigeuzageuza. Tete! Tete lilelile tunalojengea uzio, linalotuchana miguu tukienda kuchota maji, linaloziba njia masika. Nilinunua, ndiyo, lakini kwa uchungu.

Kwa hiyo nawapa bure kilichoniuma. Chukua tete kavu lenye unene wa kidole kidogo. Likate hanamu upande mmoja, kwangua uboya wa ndani mpaka libaki ganda gumu. Pasua ufa mdogo katikati ya ncha, wino upate pa kushukia. Mwisho ikate ncha iwe bapa, si ya kuchoma. Wino? Masizi ya sufuria yaliyosagwa laini, gundi ya mgunga iliyolowekwa, maji. Na kama hutaki kuchafuka, funga penseli mbili kwa mpira, ziandike pamoja: utaiona herufi ikifunguka na kufumba, nene na nyembamba, mbele ya macho yako.

Ninachotaka ni kidogo. Tumefundisha KKK, watoto wanasoma, wanaandika, wanahesabu, hongereni walimu. Basi siku moja kwa juma, baada ya imla, mtoto wa Majimoto aachiwe aandike herufi moja mpaka yeye mwenyewe aipende. Asipewe alama. Asitumwe kuandika ratiba. Na akionekana ana mkono, tafadhalini, msimkimbilie na daftari la rambirambi. Mwacheni kwanza afurahi.

Najua mtakachoniandikia hapo chini. Shule haina madawati, darasa moja watoto mia, na wewe uko Ulaya unaleta habari za o. Nimeshawasikia. Madawati waombeni wabunge, wakija kampeni wataahidi. Mimi sijaomba dawati. Nimeomba tete, na tete hakuna mtu wa Majimoto atakayeniambia limeadimika.