Zoezi Halimezwi

Ndugu msomaji, kidonge cha malaria humtibu hata mtu asiyejua jina lake. Hukimeza kwa maji, akalala, dawa ikafanya kazi yake. Zoezi la viungo haliendi hivyo. Asiyelielewa halimtibu, hata kama ameonyeshwa na mtaalamu hodari kuliko wote nchini. Nimelifikiria sana jambo hili tangu kliniki moja ya huku kwetu, ukingoni mwa Ziwa Mweru, ibandike tangazo la siku za fiziotherapia, nami nikaanza kuitwa mara kwa mara kuwa mkalimani. Niseme mapema kwamba stashahada yangu ni ya ualimu, si ya utabibu. Haya machache niyajuayo kuhusu misuli nimeyapata nikiwa nimesimama kando ya kitanda, natafsiri.

Jina la huduma yenyewe lina utata. Tangazo limeandikwa kwa Kiingereza na Kibemba, na wasemaji wa Kiswahili wanaolisoma kwa kubahatisha hudhani kwamba humo ndani watu wanakandwa. Wapo waandikao "tibamaungo", wapo wasemao "tiba ya viungo". Huko Tanzania, Wizara ya Afya hutumia neno pana zaidi, "utengamao", kwa huduma zote za kumrudishia mtu uwezo alioupoteza kwa ajali au maradhi. Nalipenda neno hilo, kwa kuwa kutengamaa ni kukaa sawa baada ya kuyumba. Lakini ukilitamka sokoni Kashikishi utatazamwa tu, kwa hiyo mimi husema "mazoezi ya tiba" na kuendelea na safari yangu.

Huenda unajiuliza Kiswahili kimefikaje hapa. Ziwa hili tunalitumia pamoja na Kongo. Ng'ambo ipo miji ya Kilwa na Pweto, na wachuuzi wamevuka kwa mitumbwi tangu kabla hatujazaliwa. (Sisi nasi tuna kisiwa kiitwacho Kilwa upande wa Zambia, na ipo Kilwa ya pwani ya Tanzania; wanafunzi wangu huzichanganya zote tatu kila mwaka.) Kisha, mwaka 2017, mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwaleta maelfu ya watu. Walipokelewa kwanza Kenani, na Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, ndani ya wilaya hii hii ya Nchelenge. Wengi wao wamekwisha kujifunza Kibemba cha sokoni. Lakini Kibemba cha sokoni ni bei, vipimo na salamu; hakina "kaza paja, hesabu hadi tano, legeza".

Mama mmoja alimleta mumewe aliyepatwa na kiharusi, upande wa kuume ukiwa umelegea. Alimleta kwa baiskeli kila juma bila kukosa. Nyumbani alimwacha apumzike mchana kutwa, akiamini tiba iko kliniki kama sindano ilivyo kliniki, na kwamba mgonjwa akichoshwa nyumbani ataharibu kazi ya mtaalamu. Alikuwa ameambiwa, kwa Kibemba, kwamba kila zoezi lifanywe mara kumi, na kwa siku mara tatu. Katika maneno hayo yeye alishika "mara tatu" peke yake, akajua ni idadi ya safari. Nilipomfasiria upya alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe, Mwalimu, dawa ninayo mimi mwenyewe?"

Siku hiyo tulijua pia kwamba wanawe humwinua baba yao kwa kumvuta mkono uliopooza. Kila mtu hufanya hivyo, maana mkono ndio ulio karibu. Mtaalamu akaeleza, nami nikatafsiri polepole: baada ya kiharusi misuli inayoshikilia bega hulegea, na mkono ukivutwa kiungo huweza kuteguka au kupata maumivu yanayozuia mazoezi yote mengine. Mgonjwa ashikwe kiunoni, au afungwe mkanda imara ushikwe huo. Ni sentensi mbili tu, ndugu msomaji.

Mambo ni hayo hayo kwa mtoto mwenye mguu kifundo, ule unaozaliwa umepinda kwa ndani. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa huko Marekani, aliuonyesha ulimwengu kwamba mguu huo hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila juma, kwa kawaida tano hadi saba, na mara nyingi kwa mkato mdogo wa kano ya kisigino. Watu hushangilia plasta ya mwisho ikitolewa. Kumbe hapo ndipo kazi ya mzazi huanza: viatu maalumu vyenye chuma, usiku na mchana kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu hadi mtoto afikie miaka minne hivi. Viatu vikiachwa, mguu hurudi ulikotoka. Nani atayajua haya kama hakuambiwa kwa lugha anayoiota?

Sheria haziko kimya. Zambia iliridhia mwaka 2010 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara yake ya 26 inataka huduma za utengamao zianze mapema iwezekanavyo na ziwe karibu na watu wanakoishi, vijijini pakiwemo. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 6 ya 2012. Ada za matibabu katika vituo vya vijijini zilikwisha kufutwa tangu 2006. Kilichobaki kumwelemea mgonjwa ni njia. Malaria yaweza kumalizwa kwa safari moja. Kiharusi kinataka safari ishirini, na mtu wa kisiwa cha Chisenga huanza kila moja majini. Kaya iliyomo katika mpango wa serikali wa ruzuku ya fedha, ikiwa ina mtu mwenye ulemavu mkubwa, hupewa mara mbili ya kiwango cha kawaida. Ulizia kwa afisa ustawi wa jamii, maana ruzuku hiyo yaweza kuwa nauli.

Nina pendekezo ambalo huenda waganga wakalicheka. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Wanaume wenye migongo iliyoumia kwa kuvuta nyavu, ambao mwaka mzima husema hawana nafasi, wakati huo nafasi wanayo. Kwa nini siku za mazoezi zisiongezwe katika miezi hiyo? Najua ni masika na barabara za udongo huwa tope. Basi mtaalamu na awafuate kwenye zahanati za pwani ya ziwa.

Kuna mahali pa kulisemea hili. Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo ulipandishwa mwaka 2022 kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo, na mapendekezo ya miradi hupitia kamati ya maendeleo ya kata. Katika vikao nilivyohudhuria nimesikia madawati, visima na madaraja. Chumba cha mazoezi chenye vyuma viwili vya kushikia sijakisikia hata mara moja. Mkimbizi hapigi kura hapa, lakini jirani yake anapiga, na kiharusi hakiulizi kitambulisho.

Kwa sasa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameandika karatasi moja ya mazoezi kwa Kiswahili, kwa maneno mafupi: kunja, nyoosha, inua, shusha. Mtaalamu ameikagua, nasi tumeipeleka Mantapala isomwe na wazazi kabla ya kuchapwa. Sisi tulikuwa tumeandika "tumia mkono ulio dhaifu". Mzee mmoja kutoka Katanga, ambako "kutumika" maana yake ni kufanya kazi, akaifuta kwa kalamu ya risasi na kuandika pembeni: "mkono utumike". Tumeiacha hivyo.