Mashine ya Kunyolea Nayo Hunywa Maji

Msomaji, sisi vinyozi wa Dodoma tuna ugonjwa mmoja: mvua ikichelewa, tunaulizia Mtera kwanza, mahindi baadaye. Usicheke! Lile bwawa la mpakani mwa Dodoma na Iringa limeshanikosesha usingizi.

Lilipojengwa miaka ya 1970, lilikuwa ghala tu: kutunza maji ya mvua ya Ruaha Mkuu ili mitambo ya Kidatu, kule chini Morogoro, isilale kiangazi. Mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake, megawati 80. Maji yakishaizungusha, yanateremka kupiga kazi tena Kidatu, megawati 204. Vibarua viwili kwa tone moja, bwana!

Lakini ghala likiwa tupu, ujanja huisha. Mwaka 2006 ukame uliishusha Mtera vibaya, mgawo wa umeme ukaingia. Siku moja nikabaki na mteja kanyolewa upande mmoja, na kesho yake anaoa! Tulimalizia kwa wembe na mshumaa, jasho linatutoka wote wawili.

Siku hizi kuna umeme wa gesi, na lipo Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililokamilisha mitambo yake yote tisa mwaka 2025. Nashukuru. Ila nalo linakunywa Mto Rufiji, na Ruaha Mkuu huo huo unamwaga maji yake humo. Kwa hiyo anayechepusha maji ovyo kule Usangu ajue anagusa kichwa cha mtu Dodoma. Au siyo?